Tazama Sikio Langu

Shuleni waliniita Marehemu. Si kwa ubaya. Nilirudi kutoka Dar es Salaam na kioo cha jicho kilichotoka kwa mtu aliyekwisha kufa, na siku ya kwanza tu nikawamwagia washikaji ukweli wote, kwa sababu sijawahi kuweza kukaa na habari tamu peke yangu. Kufikia mapumziko jina lilikuwa limeshafika kidato cha nne. Mwalimu wa zamu naye akalidaka.

"Marehemu, simama ufute ubao."

Nikasimama. Darasa zima likasema, "Amefufuka."

Mwaka huu niko bweni Kasulu, najiandaa na mtihani wa mwisho, na huku hakuna anayelijua jina hilo. Naitwa jina la kwenye cheti cha kuzaliwa. Linanichosha. Linanifanya nijisikie kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye dirisha la ofisi ya serikali. Ndiyo maana wakati mwingine nikikaa na kitabu cha kemia najikuta niko Kibondo, kwenye jiko la Bibi, moshi umejaa mpaka kwenye nywele, na yeye ananiuliza kama yule Mzungu ameamka.

Mzungu lilikuwa ni jicho langu la kushoto.

Nianze lilivyokuja. Tangu utotoni macho yaliniwasha, na mimi niliyafikicha kama mtu anayefua soksi. Wanasema kufikicha nako kulichangia. Kile kioo cha mbele ya jicho, ambacho madaktari wanakiita konea, kinatakiwa kiwe mviringo kama tumbo la kijiko. Changu kilianza kuchongoka kama ncha ya yai. Nilipoingia kidato cha kwanza, kila herufi ubaoni ilikuwa imezaa watoto, na mwezi mmoja angani nilikuwa nauona kama mkungu wa ndizi. Miwani haikusaidia. Mama, anayeuza vitenge Kigoma mjini, akasikia kwamba kuna madaktari wageni wanakuja Dar na vioo vya macho kwenye maboksi ya barafu. Hiyo ilikuwa mwaka 2013. Alinipeleka. Wakakata kioo cha jicho la kushoto, lililokuwa baya zaidi, kwa mduara kama mtu anayekata kifuniko, wakaweka cha yule marehemu, wakashona kwa nyuzi ambazo buibui angezionea wivu.

Kabla hawajaniruhusu, waliniweka kwenye mashine moja ya ajabu inayopiga picha za vitu vidogo mno. Ilipiga picha ya ukuta wa nyuma wa kile kioo kipya. Nilitegemea kuona kitu cha kutisha. Nikaona vijumba vya pembe sita, vimepangana mpaka pembeni mwa picha. Walinipa nakala, nikaja nayo Kibondo. Bibi akaigeuza huku na huku.

"Hili ni sega la nyuki," akasema. "Asali iko wapi?"

Kwetu asali si mzaha. Babu alikuwa na mizinga porini, na Bibi akiona sega anataka kujua limeiva au bado. Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi: kwamba kila kijumba ni seli hai, na kazi ya seli hizo ni kutoa maji ndani ya kioo, mchana na usiku, ili kibaki angavu. Zikifa hazizaliwi nyingine. Zikifa nyingi, kioo kinavimba maji na kuwa ukungu, na ndiyo basi.

"Na nani atakayeziua?"

"Mimi mwenyewe, Bibi. Mwili wangu. Siku ukigundua kwamba hiki si changu, unaweza kukikataa."

Hapo ndipo neno lilipokaa vibaya. Kwa Kiha kukataa tunasema kwanka, na kwanka hiyo hiyo ni kuchukia. Bibi hakusikia habari za seli. Alisikia kwamba kuna mtu nyumbani mwake anachukiwa.

"Amekufanyia nini mpaka umchukie?"

"Hajafanya kitu. Ni mgeni tu."

"Mgeni anasalimiwa," akasema Bibi, akaendelea kumenya muhogo.

Nikadhani yameisha. Asubuhi yake natoka ndani, namkuta amechutama mlangoni, viganja vimekutana, anapiga yale makofi ya taratibu tunayopiga Waha tukimsalimu mtu wa heshima. "Mwakeye," akaliambia jicho langu la kushoto. Nikabana pua nikajibu kwa niaba ya mgeni, "Gudi moning."

Bibi akainuka, akapangusa magoti. "Kumbe ni Mzungu. Ndiyo maana ugali wa muhogo unamshinda."

Ikawa hivyo kila siku. Jirani akipita anatukuta, anadhani tumerukwa na akili wote wawili. Mimi mpaka leo sijui kama Bibi alikuwa akitania au anasalimia kweli. Nadhani vyote viwili. Alikuwa na uwezo huo.

Lazima nieleze kitu kuhusu mimi na Bibi, maana bila hicho haya mengine hayataeleweka. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Aliniita mume wangu, kama mabibi wengi wanavyowaita wajukuu zao wa kiume, na mimi nilimwita mke wangu asiyejua kuunga maharage. Ningeweza kumwambia kanga yake imezeeka kuliko yeye, naye angenijibu kwamba mahari niliyotoa haikutosha kununua mpya. Hakukuwa na mwiko. Lakini kwa mtu mzima mwingine yeyote, hata mimi niliyekuwa nimeshindikana kwa walimu, nilichutama, nikapiga makofi, nikashusha macho chini. Mtoto anayemkodolea macho mkubwa, kwetu, wanasema hakulelewa. Na anayetukanwa si mtoto. Ni aliyemlea.

Dar walinipa kanuni. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga, au likianza kuona ukungu, hata kimoja tu, usisubiri. Likiwahiwa, dawa zinaweza kuwatuliza askari wa mwili wanaolishambulia. Likichelewa, kioo kimekwenda, na cha pili si rahisi kukipata, na kikipatikana hukataliwa upesi zaidi. Basi nikajitungia kipimo. Kila asubuhi nafunika jicho la kulia kwa kiganja, naangalia mbuzi wa Bibi aliyefungwa kwenye mgomba ng'ambo ya uwanja. Nikiona pembe na ndevu, tuko salama. Mbuzi mwenyewe alishanizoea. Alikuwa ananitazama naye kama ananipima.

Mwaka uliofuata, likizo ya Juni, tulikuwa tunapura maharage. Vumbi kutwa, na jioni moshi. Jicho likawa jekundu. Bibi akasema ni moshi. Mimi nikasema ni vumbi. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake nzuri, na mwenye jiko la kuni hawezi kukosa sababu ya jicho jekundu. Kisha asubuhi moja nikatoka, jua likanipiga kama kofi, nikafunika jicho la kulia, nikamtafuta mbuzi. Alikuwa amegeuka wingu. Wingu limefungwa kamba.

"Bibi," nikasema, "Mzungu haoni."

Alikuwa ameshachutama kwa ajili ya salamu. Akanitazama kidogo kuona kama ni mzaha. Kumbe uso wangu siku hiyo haukuwa na mzaha hata mmoja, na sura hiyo alikuwa hajawahi kuiona. Akaingia ndani akatoka na kanga ya safari.

Tukapanda basi la kwenda Kasulu, mimi nimejifunika kitenge kichwani kama bi harusi, sababu ya mwanga. Njia nzima nilitunga mizaha kichwani na hakuna hata mmoja uliotoka. Nilikuwa nawaza kidato cha tatu kimebaki nusu, halafu cha nne. Jicho la kulia peke yake lisingenifikisha. Lilikuwa bado linaniletea kila kitu mara tatu, na mtihani wa taifa una maswali ya kutosha bila kuyazidisha.

Hospitalini, kwenye benchi la macho, tulikaa karibu na mama mmoja Mkongo wa kambi ya wakimbizi aliyemleta mwanawe mdogo. Akanichungulia chini ya kitenge.

"Weye mutoto, jicho yako iko na nini?"

"Ana mgeni," Bibi akajibu.

Yule mama akafikiri kidogo. "Munganga wa hapa ni muzuri," akasema. "Ataongea naye."

Daktari wa macho alikuwa mtu wa Tanga, aliyepangiwa kazi huku miaka ile na ambaye baridi ya Kasulu ilikuwa haijamzoea. Alivaa sweta chini ya koti jeupe. Kiswahili chake kilitiririka bila kugongwa na kitu, tofauti na chetu, ambacho kina mawe ya Kiha ndani yake. Bibi akachutama, akapiga makofi. Nami nikachutama kando yake. Daktari akasimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Shikamoo, Bibi. Inuka, tafadhali, inuka. Kijana, tangu lini huoni vizuri?"

"Tangu mbuzi alipogeuka wingu," nikasema huku natazama viatu vyake.

Akamgeukia Bibi. Bibi akasema, "Ni leo asubuhi."

Chumbani kulikuwa na darubini ya macho, ile ya mezani: huku unaweka kidevu na paji la uso, kule daktari anachungulia, na katikati kuna taa inayotoa mwali mwembamba kama ufa wa mlango. Mwali huo unalikata jicho kama kisu kinavyokata kitunguu, na yeye anaona tabaka zote, la mbele na la nyuma. Akazima taa ya chumba.

"Kidevu hapa. Paji bandika hapa. Sasa tazama sikio langu."

Nikatazama sikio lake. Nyuma yangu, gizani, Bibi akakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Si cha kifua. Ni kile anachokohoa msibani nikicheka, au nikinyoosha mkono kwenye nyama kabla ya wageni. Macho yangu yakashuka yenyewe.

"Usishushe, mwanangu. Sikio langu."

Nikapandisha. Kikohozi. Nikashusha.

Daktari alichungulia kwa muda, kwa vipande vipande, kila nilipompa nafasi. Kisha akarudi nyuma akavua miwani. Alisema anaona vidoa nyuma ya kioo, lakini hataki kubahatisha. Huenda mwili umeanza kukataa. Huenda pia kuna uzi umelegea na vijidudu vimeingia hapo. Na shida ni hii: dawa kali ya kuzuia kukataa inawalaza askari wa mwili. Kama ni vijidudu, ukiwalaza askari umewapa wezi ufunguo wa nyumba.

"Nikikosea huku, jicho linakwenda. Nikikosea kule, linakwenda vilevile," akasema. "Aliyekufanyia upasuaji lazima aone."

Akampigia simu kwa namba iliyokuwa kwenye kadi yangu, kwa kuwa aliyenishona alikuwa daktari wa Dar aliyefanya kazi na wale wageni. Tulisikia sauti ya yule wa Dar ikitoka kwenye simu, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya chungu: nitumie picha, nataka kuona ukuta wa nyuma, safi.

Hatukuwa na mashine ya picha ya kule. Tulikuwa na darubini na simu ya daktari, yenye kamera. Akaibandika simu kwenye tundu la kuchungulia, mkono mmoja unashika simu, mwingine unasogeza darubini, na mimi nibaki nimetulia, macho wazi, nikitazama sikio.

Picha ya kwanza ilikuwa kope. Ya pili kope na nusu. Ya tatu ilikuwa nzuri sana, ya kope.

"Mwanga unakuumiza?"

"Unaniumiza, daktari."

"Najua. Lakini hupepesi tu, unainama. Jicho linashuka kama pazia. Kwa nini?"

Nikatazama tena viatu vyake. Akauliza tena, kwa upole. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumwambia. "Nikikukodolea macho, daktari, huyu bibi atanitoa macho. Halafu tutakosa la kutazama kabisa."

Ilimchukua muda kuelewa. Akawasha taa, akamgeukia Bibi, akamweleza kwamba bila mimi kumtazama moja kwa moja hakuna picha, na bila picha hakuna dawa. Je, anaweza kumpa mjukuu ruhusa? Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni, mikono mapajani. Alitafakari kama mtu aliyeombwa shamba.

"Atazame," akasema hatimaye. "Lakini asizoee."

Tukarudi gizani. Sasa kikohozi hakikuwepo, lakini macho hayakujua kwamba yameruhusiwa. Miaka yote wameyafundisha kushuka, hayawezi kusikia tangazo moja yakabadilika. Nikimtazama yule mtu mzima, aliye karibu kiasi cha kunusa karafuu kinywani mwake, kitu kinayavuta chini. Nikikaza, machozi yanajaa. Na baya zaidi, sikio lenyewe lilikuwa na nywele. Nywele ndefu mbili, zimesimama kama antena za redio. Nikaanza kucheka, kile kicheko cha kanisani kinachotikisa mabega. Picha zikatoka zimetikisika. Daktari akashusha simu na kupumua. Nilimsikia akipumua, na kicheko kikanikatika chenyewe. Nilielewa kwamba kila picha iliyoharibika ilikuwa ni wakati, na nyuma ya kioo kile kuna vijumba vinakufa wakati mimi nacheka nywele.

Ndipo Bibi alipoinuka. Nilisikia ndara zake zinazunguka meza.

"Daktari," akasema, "wewe ni mkubwa wake. Hawezi. Mimi ni mke wake."

"Naam?"

"Mimi ni mke wake huyu. Mimi anaweza kunitazama anavyotaka. Nisimame wapi, hapa?"

Daktari wa Tanga alifikiri hajasikia vizuri. Kisha akacheka, taratibu, maana kumbe hata kwao mjukuu ni mume. Akamsogeza Bibi nyuma ya bega lake, karibu kabisa na lile sikio lenye antena, na kumwangazia kidogo uso kwa tochi ili nimwone.

"Ndaba," Bibi akaniambia. Yaani, nitazame.

Nikamtazama. La kushoto lilikuwa limejaa mwali, halioni kitu. La kulia likaniletea mabibi watatu, wamepandana, kila mmoja ana kanga ile ile. Kwanza alifanya kazi yake ya siku zote. "Mume gani huyu anamwogopa daktari aliyevaa sweta," akasema. Nikakaribia kucheka.

"Asicheke, Bibi," daktari akasema.

Akaacha utani. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba pamoja na utani wote ule, miaka yote ile ya kuitana mke na mume, nilikuwa sijawahi kumtazama. Nilimtazama kama unavyotazama mlango wa kwenu. Sasa nilimwona, hata kama ni mara tatu. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoubeba kichwani. Midomo ilikuwa imebanwa. Alikuwa ameyafumbua macho yake kwa nguvu na hapepesi, ananionyesha jinsi ya kufanya, na machozi yalikuwa yakimtoka pembeni kwa kukaza huko, na hakuyafuta. Nami nikakaza. Mwanga uliniuma mpaka kwenye meno. Sikushuka.

"Kaa hivyo," daktari akanong'ona. "Hivyo hivyo. Nimeipata."

Alitugeuzia simu tuone. Kulikuwa na utepe wa mwanga uliopinda, kama kipande chembamba cha kitunguu, na kwenye ukuta wake wa nyuma mstari wa vidoa vyeupe, vimefuatana kama siafu wanaovuka njia. Mbele ya mstari kioo kilikuwa kikavu na safi. Nyuma yake kilikuwa kimevimba, cha maziwa.

"Hao ni askari wako," daktari akasema. "Wameingia kwa pembeni, wanasonga kuelekea katikati. Kila walipopita wameacha maiti."

"Kwa hiyo nimemuua marehemu mara ya pili," nikasema.

Ulikuwa mzaha wangu wa kwanza siku ile. Hakuna aliyecheka. Bibi akanishika kisogo, si kwa kunipiga.

"Usiseme hivyo," akasema. "Alikupa."

Daktari akatoka na simu mpaka penye tangi la maji, mahali pekee ambapo mtandao ulikuwa na nguvu za kubeba picha. Tulimwona dirishani akiinua mkono juu kama anayeomba mvua. Sisi tukabaki ndani. Bibi akakunja upindo wa kanga yake, akaukunjua, akaukunja tena.

Alirudi anatembea haraka. Yule wa Dar ameona mstari. Vijidudu havipangi foleni, amesema. Huko ni kukataa, waanze dawa sasa hivi. Nikachomwa sindano pembeni mwa jicho, ambayo sitaieleza kwa kuwa napenda wasomaji wangu, kisha matone kila saa.

Tulilazwa. Yaani mimi nililazwa na Bibi akahamia kwenye banda la kupikia la wauguzaji, nyuma ya wodi, pamoja na yule mama Mkongo, ambaye mwanawe naye alikuwa amelazwa. Bibi alikuwa na Kiha chake, yule mama na lugha yake ya ng'ambo ya ziwa, na katikati walikutana kwenye Kiswahili ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao. Niliwasikia wakigombana kwa furaha kama sombe, yaani kisamvu, inatiwa mawese kabla au baada ya kuiva. Kila saa ilipofika Bibi alikuja ananukia moshi, anatikisa chupa ya dawa kama anasuka maziwa ya mtindi. Wauguzi walijaribu kumwambia hiyo ni kazi yao. Aliwapigia makofi kwa heshima zote, akaendelea kutikisa.

Nikikumbuka sasa, zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote za maisha yangu, na nilikuwa nakaribia kupofuka. Sielewi. Pengine ni kwa sababu sikuwa na la kufanya ila kungoja mtu anayenipenda aje na chupa. Bibi sasa amehamia kwa shangazi, Buhigwe, miguu imemchoka. Jiko la Kibondo limefungwa. Nikimpigia simu ananiambia huko wanapikia gesi, chakula hakina harufu ya kitu.

Siku ya kupimwa tena, tuliingia kwenye chumba kile, na kabla daktari hajasema lolote Bibi alikuwa ameshazunguka meza na kusimama nyuma ya bega lake. Picha ilipatikana mara ya kwanza. Daktari akaziweka pamoja, ya zamani na mpya. Ule mstari haukuwa tena mstari. Vidoa vilikuwa vimetawanyika, vimefifia, na havikuwa vimefika katikati.

"Zilizokufa hazirudi," akaniambia. Hakunificha. "Pembeni hapa patabaki na ukungu. Lakini zilizobaki zinatosha, ukizilinda. Matone usiache, hata ukijiona mzima. Na ukiona mbuzi amebadilika, uje."

"Naweza kuona?" Bibi akauliza.

Daktari akampisha kwenye kiti chake. Mimi kidevu pale, paji pale, na upande wa pili, badala ya mtu wa Tanga, Bibi yangu na kanga yake, amebandika jicho kwenye darubini. Akachungulia muda mrefu. Nikaanza kuogopa ameona kitu ambacho daktari hakukiona.

"Hizi nyuzi," akasema mwishowe, bila kuondoa jicho. "Aliyeshona ni mwanamke?"

"Mwanamume," nikamwambia.

"Amejitahidi."

Jioni hiyo tukapanda basi la kurudi Kibondo. Bibi alikaa dirishani, akafumba macho kabla hatujatoka mjini. Mimi nikafunika jicho la kulia kwa kiganja na kusoma kila kilichoandikwa kilichopita mbele yangu, kwa sauti, kwa sababu nilikuwa naweza. Fundi baiskeli. Soda baridi. Usitupe taka hapa. Saluni ya kisasa. Duka la dawa. Punguza mwendo, watoto wanavuka. Mengine yalikuwa na ukungu pembeni, nikayasoma katikati. Abiria wa mbele, mwanamume mwenye kofia, akageuka.

"Mama, mwambie huyo kijana apunguze sauti. Tunataka kulala."

Bibi hakufumbua macho.

"Mwache asome," akasema.